Mfano wa Kazi na Kazi Yenyewe

Kila mtu aliyekulia katika nchi ya Mwata Kazembe ameuona mchezo wa mansansa, na wengi wetu tumeucheza. Watoto hujenga kibanda kando ya mji, mmoja akawa baba, mwingine mama, wengine wakawa wageni, kisha wakapika. Karibu kila kitu katika mchezo huo ni cha kuiga. Baba si baba, na wageni hawakutoka mbali. Lakini moto ni moto wa kweli, na unga ni unga wa kweli ulioombwa nyumbani. Ubwali ukiungua, umeungua, na atakayeula atajua.

Nimeanza na mansansa kwa sababu siku hizi watu wazima wenye kazi kubwa nao hucheza mchezo wa namna hiyo, tena kwa makusudi na kwa gharama nyingi. Waendesha mitambo ya umeme, marubani, wakunga na maofisa wa afya hutengenezewa mfano wa kazi yao, wakawekwa ndani yake, wakaachwa wakosee. Katika makala hii nataka kueleza jinsi mifano hiyo inavyofanya kazi, na hasa swali moja ambalo mara nyingi husahauliwa: twajuaje ya kuwa mfano unasema kweli, na ya kuwa aliyejifunza katika mfano ataweza kazi yenyewe?

Kwanza yafaa tuelewe maana ya kuongoza mtambo. Mtazame mama akausha samaki kwa moshi pale Kashikishi. Macho yake yapo juu ya samaki na mkono wake upo karibu na kuni. Akiona moto umepungua huongeza ukuni, lakini joto halipandi mara ile, hupanda baadaye. Asiyejua kazi huongeza ukuni wa pili na wa tatu kwa kukosa subira, halafu zote tatu huwaka pamoja na samaki huwa makaa. Basi mambo ya kuongoza mtambo wo wote ni hayo: kupima, kulinganisha na unavyotaka, kurekebisha, na kungoja. Katika hayo manne kungoja ndiko kunakowashinda wengi.

Sasa tuchukue mtambo mkubwa zaidi. Katika mkoa wetu wa Luapula, mto Luongo huanguka pale Musonda Falls, na maji yake huzungusha mashine za umeme. Kituo kile kilikuwa na nguvu ya megawati 5, kikapanuliwa hata kufika megawati 10. Umeme wa nchi yetu huenda kwa mwendo wa mizunguko 50 kwa kila nukta, na kila mashine ya umeme yapaswa kushika mwendo unaolingana na kiasi hicho. Watu wakiwasha taa na vinu vya kusagia, mzigo huzidi na mashine hutaka kupunguza mwendo. Watu wakizima, mashine hutaka kukimbia. Kuna kifaa kinachotazama mwendo huo na kufungua au kufunga mlango wa maji. Jina lake ni gavana, kama wale mabwana wakubwa wa zamani, ila huyu hufanya kazi usiku na mchana bila likizo.

Radi ikipiga na waya wa umeme ukakatika, mzigo wote huondoka ghafula. Maji bado yanasukuma, lakini hakuna cha kusukumwa, na katika nukta chache mashine huanza kwenda mbio kupita kiasi. Hapana budi mlango wa maji ufungwe. Je, ufungwe upesi kadiri iwezekanavyo? La. Maji yaliyo ndani ya bomba kubwa ni mazito mno, nayo yanakwenda kwa kasi. Ukiyazuia ghafula, uzito wote ule hupiga ukuta wa bomba. Umepata kusikia bomba la nyumbani likigonga mtu anapofunga mfereji kwa nguvu. Mafundi huita jambo hilo nyundo ya maji. Katika kituo cha umeme nyundo hiyo yaweza kupasua bomba. Basi ukifunga polepole mno, mashine yaharibika kwa mbio. Ukifunga upesi mno, bomba lapasuka. Mahali salama ni katikati.

Nani atakwenda kupatafuta mahali hapo kwa kubahatisha? Mtoto anayejifunza kupiga kasia hujifunza kwenye maji mafupi ya ufuko wa Nchelenge, na kosa lake ni kulowa nguo tu. Bomba la umeme halina maji mafupi. Kwa hiyo wahandisi hufanya hesabu kwanza. Huandika urefu wa bomba, upana wake, uzito wa gurudumu, kimo cha maji, kisha huiga katika kompyuta vile mambo yatakavyokuwa ikiwa mlango utafungwa kwa nukta tano, au nane, au kumi na mbili. Zamani mahesabu haya yalifanywa kwa mkono na kuchorwa katika karatasi, na fundi mmoja aliweza kutumia siku nyingi kwa swali moja. Leo kompyuta hujibu maswali mengi kwa saa moja, na labda ndiyo sababu watu huyaamini majibu yake upesi kuliko ilivyofaa.

Baada ya hesabu huja jaribio. Mtambo mpya ukiwa tayari, mafundi huuondolea mzigo kwa makusudi, lakini hawaanzi na mzigo wote. Huanza na robo. Hupima nguvu ya maji katika bomba na mwendo wa mashine, kisha hulinganisha na hesabu. Zikipatana huenda nusu, kisha robo tatu, na mwisho mzigo mzima. Zisipopatana, husimama na kutafuta kosa liko wapi kabla ya kuendelea. Hapa ndipo uzuri wa njia hii ulipo: hesabu hulinda jaribio lisilete hasara, na jaribio huzuia hesabu isiwe ndoto. Mmoja akikosekana, mwingine ni hatari.

Kutoka mtambo twende kwa mtu anayeuendesha, maana naye huhitaji kujaribiwa. Mashine ya kwanza iliyojulikana sana kwa kazi hii ilitengenezwa na Edwin Link wa Marekani mwaka 1929. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda vile vinavyolia kwa hewa, na kijana akatumia mivukuto ile ile ya vinanda kutengeneza ndege ndogo isiyoruka. Mwanafunzi hukaa ndani, hushika usukani, na kile kichombo huinama na kugeuka kama ndege. Mwanzoni watu waliifanya mashine ya kuchezea katika viwanja vya starehe. Halafu mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa kuruka katika hali mbaya ya hewa bila kuzoea kufuata saa na vipimo tu. Ndipo jeshi likanunua mashine 6 za Link kwa dola 3,500 kila moja. Siku hizi hakuna rubani wa ndege kubwa ya abiria asiyepitia mashine ya namna hiyo, akazimiwa injini na kuwashiwa moto wa uongo, huku viatu vyake viko juu ya sakafu ya nyumba.

Lakini mashine ya kuiga yaweza pia kufundisha ujinga. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilifunguka kupunguza nguvu ya mvuke, kisha ikakwama bila kufunga. Maji ya kupoza yakawa yanatoka. Katika chumba cha kuendeshea mtambo palikuwa na taa ya vali hiyo. Taa ilizimika, na waendeshaji wakaona ya kuwa vali imefunga. Kumbe taa ile haikuonyesha hali ya vali yenyewe. Ilionyesha tu ya kuwa amri ya kufunga imepelekwa. Ni kama mzazi anayedhani mtoto amefika shuleni kwa sababu alimwambia aende.

Waendeshaji wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wamefundishwa sana kuogopa jambo moja, yaani maji kujaa mno katika chombo fulani cha juu, na saa ile kipimo cha chombo hicho kilionyesha maji yanapanda. Basi wakapunguza maji ya dharura, wakati moyo wa mtambo ulipokuwa unakauka. Sehemu kubwa ya moyo huo iliyeyuka. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba mashine ya kuiga waliyofundishiwa haikuwa imetengenezwa kuonyesha hali kama ile, ingawa jambo linalofanana nalo lilikuwa limetokea mwaka 1977 katika kituo kingine, Davis-Besse. Habari ilikuwapo, haikuingizwa katika mfano. Baada ya hapo vituo vya nyuklia vya Marekani vikatakiwa kuwa na mashine za kuiga zinazofanana na chumba chao wenyewe.

Wapo wasomaji watakaosema, mambo ya nyuklia yatuhusu nini sisi wa Mweru? Basi tuvuke mpaka wa Tunduma tuingie Tanzania, tupande hata mkoa wa Manyara, katika hospitali ya Haydom. Hapo ndipo jibu la swali langu la kwanza lilipopatikana kwa wazi kuliko mahali pengi pa dunia, na mtambo wake haukuwa wa chuma.

Mtoto akizaliwa asipovuta pumzi, wakunga wana muda mfupi sana. Wenyewe huuita dakika ya dhahabu. Katika dakika hiyo yapasa kumkausha mtoto, kumsugua, kusafisha njia ya hewa, na ikiwa bado hapumui, kumpulizia hewa kwa kifuko chenye kifuniko cha uso. Mwaka 2010 yalianza mafunzo yaliyoenea baadaye katika nchi nyingi, yakitumia mwanasesere wa plastiki aliyetengenezwa Norway. Mwanasesere huyo hujazwa maji ili awe na uzito wa mtoto mchanga, na mwalimu huminya vipira vidogo kumfanya apumue, au kitovu kipige kama moyo. Ni kitu rahisi sana ukilinganisha na mashine ya rubani, lakini ukikishika mikononi huwezi kukidharau.

Wakunga wa Haydom walifundishwa kwa siku moja mwezi wa Aprili 2010. Baada ya miezi 7 wakapimwa tena mbele ya mwanasesere, wakaonekana wameendelea vizuri sana. Kama hospitali ingeishia hapo, kila mtu angefurahi, vyeti vingetolewa, na habari ingefungwa. Lakini Haydom palikuwa na watu waliowekwa katika chumba cha kuzalia, wenye saa mkononi, wakiandika kila mtoto aliyezaliwa: alipumua lini, nani alimshika, kifuko kilitumika baada ya nukta ngapi. Walipoangalia madaftari hayo waliona ya kuwa katika kazi yenyewe mambo hayakubadilika. Mkunga aliyeweza vizuri kwa mwanasesere alifanya kwa mtoto wa kweli kama alivyokuwa akifanya zamani.

Nadhani neno hili lapaswa kusomwa mara mbili na kila mwalimu. Mtihani ulipita, kazi haikubadilika.

Haydom hawakuyatupa mafunzo. Mwaka 2011 waliyabadilisha namna yake. Mwanasesere alihamishwa akawekwa pale pale kazini. Mazoezi yakawa mafupi, dakika 3 hadi 5 tu, lakini ya kila juma, tena yakiongozwa na wakunga wa hospitali wenyewe pasipo kungoja mgeni kutoka mbali. Na kila mwezi palikuwa na zoezi refu kidogo la kukumbushana. Wale wenye saa wakaendelea kuandika. Safari hii madaftari yalisema jambo jingine. Wakunga waliwasugua na kuwasafisha watoto wengi zaidi, na watoto waliohitaji kifuko wakapungua. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hata 7.2.

Mtu mwenye akili ya sayansi atauliza, je, si huenda jambo lingine lilibadilika katika mwaka huo? Swali ni la haki. Kulinganisha jana na leo katika nyumba moja si ushahidi wa mwisho. Ndiyo sababu baadaye kazi hiyo ilipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na mikoa haikuanza siku moja. Iliingia kwa zamu, hata walioanza waweze kulinganishwa na waliokuwa bado wakingoja. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Katika kina mama karibu 280,000, vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada yake vilipungua kutoka 15.3 hata 12.5 kwa kila 1,000. Upungufu haukuwa sawa katika mikoa yote, na ni vema waandishi wamelisema hilo wazi, maana linawapa wengine kazi ya kutafuta sababu.

Katika mazoezi ya siku hizi hafundishwi mkunga mmoja peke yake. Hufundishwa kundi zima: nani anaita msaada, nani anashika mtoto, nani anabaki na mama anayetoka damu. Mkono wa mtu mmoja waweza kuwa hodari sana na kundi likashindwa, kwa sababu wawili walidhani wa tatu amekwisha kuleta kifuko.

Kundi laweza kuwa kubwa kupita chumba, na likavuka hata mpaka wa nchi. Tarehe 11 hadi 14 Juni 2019, Kenya na Tanzania zilifanya zoezi pale Namanga mpakani, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Walijifanya ya kuwa homa ya Bonde la Ufa imezuka. Ugonjwa huo hutoka kwa wanyama ukaingia kwa watu, basi daktari wa ng'ombe, daktari wa watu na ofisa wa mpakani walilazimika kufanya kazi pamoja, wengine wao wakiwa na serikali mbili tofauti.

Sisi wa mwambao wa Mweru tuna mpaka wa maji. Mashua zinavuka kwenda Kilwa na Pweto upande wa Kongo na kurudi, na kipindupindu kimepata kupiga vijiji vya Nchelenge zaidi ya mara moja. Kwetu mgonjwa hafiki kwa barabara yenye kizuizi; hushuka kwa mtumbwi mahali po pote panapofaa kuegesha. Nani huarifiwa kwanza? Kwa lugha gani, kwa Kibemba au kwa Kiswahili? Simu ya nani ina salio siku ya Jumapili? Maswali haya hayajibiwi kwa kusoma kitabu cha magonjwa. Hujibiwa kwa kumtuma mtu akajifanye mgonjwa, na mwingine akae na saa na daftari.

Kwa wale walioko darasani, liko jaribio dogo ambalo chama cha sayansi chaweza kulifanya bila fedha. Chukua mkebe mkubwa, utoboe tundu dogo chini, na kwa ndani upige alama kila sentimita moja. Lete maji kutoka kwenye mfereji kwa mpira mfupi. Mwanafunzi mmoja atazame maji na kutaja kimo chake. Mwingine asimame kwenye mfereji, amegeuza mgongo, asione mkebe. Kazi yao ni kushika maji penye alama ya 10. Wakisha kuweza, ondoa ule mpira, uweke mfereji wa mabati au wa mwanzi wenye urefu wa mita 5 au 6, uliolazwa kwa mteremko mdogo sana, ili maji yachelewe kufika. Mtaona wenyewe jinsi maji yatakavyopanda na kushuka kama mawimbi, na jinsi mwenzenu wa mfereji atakavyolaumiwa bure.

Kisha gawanyikeni katika makundi mawili kwa kupiga kura. Kundi la kwanza liruhusiwe kusema "ongeza" na "punguza" tu. Kundi la pili lisome namba ya kimo, na mwenye mfereji airudie namba hiyo kabla hajaugusa. Kila kundi lifanye dakika 10, na mtu wa tatu aandike kimo cha maji kila baada ya nukta 15. Namba zote ziandikwe, hata zile mbaya, pamoja na urefu wa mfereji wa maji na jina la aliyeshika saa, ziletwe kwa mhariri kabla ya mwisho wa muhula.